Kwa Nini Nilisema Kumi Shupaza

Old Kampala, nyuma ya duka la marehemu Sudi

Mwanajuma mdogo wangu, mtoto wa mamangu,

Assalaam alaykum. Kama barua hii imekukuta umekaa, kaa vivyo hivyo. Kama imekukuta jikoni, epua chungu kwanza, maana ni ndefu na mimi sipendi kusomwa huku mtu anakoroga. Mimi ni mzima. Goti la kulia limekataa ngazi, na meno yamebaki yale ya kutafuna mkate uliolowekwa chai, lakini kifua changu ni kile kile, nikikohoa jirani wanadhani ni pikipiki. Na wewe hujambo? Sukari imeshuka? Barua yako nimeona mwandiko ni wa Rehema mkaza mwanao, nikajua kwamba macho sasa hayaoni hata uzi wa sindano. Pole mdogo wangu. Umeficha, lakini mwandiko umekusema.

Hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Mwandiko wa kuku, najua, na ukimshinda Rehema kuusoma mwambie asome polepole, herufi zote zimo. Mimi nilisoma chuo cha Kurani na madarasa mawili ya skuli, basi. Zuhura binti Sudi alitaka nimtajie maneno ayaandike kwenye simu, nikakataa. Yeye ndiye aliyekupigia akakwambia aliyokwambia. Mwenye kesi hawezi kuniandikia utetezi.

Umeniandikia mambo mawili. La kwanza, "Kaka, ungenyamaza tu, rafiki yako angekuwa hai." La pili, nirudi Mombasa, chumba cha uani kimepakwa chokaa, nitakaa, nitaletewa chakula, sitafanya lolote. Nitayajibu yote mawili, lakini la Sudi kwanza, maana bila hilo la pili halieleweki.

Sudi humjui ila kwa jina. Babu yake alikuja huku na misafara ya biashara, akajenga chini ya kilima hiki kabla msikiti mkubwa haujafikiriwa. Bahari Sudi hakuiona maisha yake yote, lakini akifungua mdomo utadhani amekunywa maji ya kisima chetu. Alikuwa na duka la kofia, tasbihi, udi na mikeka, na nilipoacha upishi kwa ajili ya goti, akanipa chumba cha nyuma. Hakuniuliza nitakaa mpaka lini.

Tulijuana ujanani. Nilipofika na gari la moshi kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupeleka chai kwenye klabu ya karata ya Wahindi, ghorofani, nyumba ya roshani za mbao. Sudi alikuwa akiuza sigara mlangoni. Mchezo wao unaitwa briji. Mimi nikaujifunza nimesimama nyuma ya viti na sinia mkononi, na Sudi akaujifunza kwa kuchungulia. Wahindi wale walipoondoka nchini, meza zikabaki. Siku moja tukakaa. Hakuna aliyetufukuza, na tangu siku hiyo Sudi alikaa mbele yangu. Uliza mtu yeyote Old Kampala, akwambie ni wawili gani walikuwa hawashindiki. Sijisifu, natoa habari tu.

Sasa nikufundishe kidogo, la sivyo utanihukumu gizani. Huu si wahedi wa sitini tuliocheza kwa mjomba. Mko wanne, wawili kwa wawili, na mwenzio anakaa mbele yako, si ubavuni. Kila mtu karata kumi na tatu. Wote wanatupa moja moja, mwenye kubwa anakula, hilo ni fungu. Mafungu yote ni kumi na tatu. Lakini kabla ya kutupa kuna mnada. Mtu anataja rangi anayotaka iwe turufu, yaani ikate rangi nyingine zote, na mafungu anayoahidi kula. Anayefuata apandishe au apite. Wahindi walikuwa na hesabu yao ya kuacha sita za mwanzo zisitajwe, sisi wahudumu tukaitupa, tunataja mafungu yote waziwazi: saba, nane, tisa, kumi. Aliyepanda juu kabisa lazima atimize, asipotimiza ameanguka. Na muda wote huo huruhusiwi kumwambia mwenzio neno. Usikohoe, usikonyeze, usigune. Una namba na rangi tu za kumwambia yote uliyo nayo. Ndiyo maana nasema mtu wa mbele yako kwenye meza ile unamjua kuliko mke.

Jambo jingine ulishike. Upande ulioshinda mnada, anayecheza ni mmoja, yule aliyeitaja rangi kwanza. Mwenzake analaza karata zake wazi mezani na kufunga mdomo. Huyo tunamwita maiti. Mchezaji anacheza zake na za maiti pia. Na sisi tuna desturi yetu tangu enzi za sinia: maiti ndiye anayemimina chai, kwa kuwa mikono yake haina kazi.

Na la mwisho, lililonipa jina. Huku hawaniiti Athumani, wananiita Mzee Kumi. Mwenzio akitaja rangi, na wewe unayo kwa wingi, usinong'one. Hesabu nyinyi wawili mnazo ngapi. Zikiwa kumi, sema kumi palepale, hata kama huna mkononi karata kubwa ya kutisha mtoto. Kwa nini? Kwa sababu rangi yenu ikijaa kwenu, ya wapinzani nayo imejaa kwao. Ukipanda kidogo kidogo unawapa nafasi ya kusemezana mpaka waafikiane. Ukiruka mpaka kumi umewafungia mlango. Pengine utaanguka, sawa, lakini kuanguka fungu moja ni nafuu kuliko kuwaacha watimize yao. Kuna hasara ya kuchagua na hasara ya kuletewa. Mimi tangu nizaliwe nachagua.

Wapinzani wetu walikuwa wawili. Afande Kizito, askari mstaafu, Muganda, mtu mkubwa mwenye vidole kama ndizi. Na Papa Bahati, Mkongomani wa Bukavu, anauza vitenge Kikuubo, mpole, na akishika karata nzuri miguu inacheza chini ya meza.

Macho ya Sudi yalianza kufa kutoka pembeni. Alikuwa akigonga bega mlangoni, tukamcheka. Alipokwenda kwa daktari akaambiwa ni presha ya macho, na kilichokwenda hakirudi. Akaacha kuuza, akawa anakaa tu dukani na jirani ndio wanamuuzia. Msahafu akaufunga, akabaki na kile alichokihifadhi. Mke alikwisha tangulia. Kikabaki kiti chake ghorofani kila Jumamosi. Nikamwachia cha dirishani, nikasema mgongo wangu hautaki upepo. Alijua. Alikaa bila kushukuru, na mimi nilifurahi hakushukuru.

Taabu ilikuwa rangi nyeusi. Shupaza na pau zote ni nyeusi, na kwa macho yale kile kichwa kimoja na vile vichwa vitatu ni doa tu. Na sheria inasema ukitupiwa rangi na unayo, lazima uitoe. Ukitoa nyingine huku unayo, umekana rangi, na hakuna kosa la aibu kama hilo. Sudi alikana kabla ya Ramadhani. Tukasamehe. Akakana tena baada ya Idi. Afande akaweka karata zake chini.

"Mzee Sudi, bambi, pole, mimi napenda wewe. Lakini hii ni meza, si hospitali. Moja tunasamehe, mbili tunasamehe. Ya tatu, unatoka, tunatafuta mtu ingine."

"Afande, acha roho mubaya," Papa Bahati akasema. "Batu banazeeka."

"Na sheria nayo inazeeka?"

"Afande kasema sawa," Sudi akajibu. "Ya tatu natoka." Akapanga zake kama hakuna lililosemwa. Lakini niliona jasho kwenye kofia yake.

Ndiyo hivyo mambo yalivyokuwa, Mwanajuma. Kosa moja na kiti kimekwenda, na ukiondoa kiti kile, Sudi alikuwa hana mahali duniani anapongojwa.

Jumamosi ile mvua ilishuka tangu adhuhuri. Umeme hakuna. Makalooli, wale ndege wakubwa wa jalalani, wamejikunyata juu ya paa la pili kama wazee wa baraza. Sudi alishika karata karibu na pua, akazigeuza dirishani moja moja, akakawia mpaka Afande akaguna. Kisha akasema kwa sauti yake ya zamani:

"Saba shupaza."

Afande, mkono wa pili, "Nane kopa."

Zamu yangu. Nikatazama. Shupaza tano. Uru tano na mfalme wao. Pau mbili za kuokota njiani, kopa moja ya kujikunia. Mtu akifungua mnada kwa shupaza kwetu anazo tano. Tano na tano, kumi. Mdomo ukanifunguka wenyewe, halafu, wallahi, nikaufunga.

Maana nikisema kumi, mchezaji ni Sudi, yeye ndiye aliyeitaja shupaza kwanza. Mimi nitakuwa maiti. Atacheza mikono miwili, karata ishirini na sita, kwa macho yale na kiza kile, na Afande anahesabu. Nikisema napita, wao watacheza kopa zao, Sudi atakuwa na zake kumi na tatu tu za kufuatisha, na huenda akavuka. Kiti kitapona Jumamosi hiyo. Pengine na ijayo.

Hapo ndipo Zuhura anaposema ningenyamaza. Hapo ndipo na wewe umeniandikia.

Lakini sikilizeni nyinyi mnaotaka ninyamaze. Kwetu mchezo ukiisha kila mtu anafungua zake, tunazungumza nani alifanya nini. Sudi angeuliza, "Athumani ulikuwa na shupaza ngapi?" Ningemwambia nini? Tano. Angejua kwamba Mzee Kumi alishika tano mbele ya saba shupaza yake, akapita. Na angejua si karata zilizonipitisha. Kiti angekuwa nacho, ila mbele yake asingekuwa mwenzake tena. Angekaa muuguzi.

Sudi akainua uso. Kuniona hakuniona, alikuwa anatazama sikio langu. Alikuwa anangoja.

"Kumi shupaza," nikasema.

Papa Bahati akafyonza, miguu yake ikatulia chini ya meza. Nilikuwa nimemfungia mlango, alitaka kupandisha kopa, sasa ingembidi aahidi kumi na moja. Akapita. Sudi akapita. Afande akagonga meza kwa ngumi, yaani anakataa kwamba tutatimiza na hasara iwe maradufu. Nikalaza zangu wazi, nikizitaja moja moja ili Sudi azisikie, hilo sheria yetu inaruhusu. Nilipofika shupaza ya tano akatabasamu. Kidogo tu, upande mmoja wa mdomo.

Afande akaanza na ree ya kopa, kubwa ya kopa zote, akala. Akarudia kopa, Sudi akaikata kwa turufu ya mezani. Kisha akacheza. Mwanajuma, laiti ungemwona. Alikuwa akiniagiza mimi maiti, "Toa shupaza ndogo ya mezani," na sauti imenyooka, na vidole vyake vinajua. Akavuta turufu zao zote. Akawaachia pau mbili za lazima. Mafungu yanakuja, nayahesabu, nikaona kumi hiyo, iko pale mlangoni inavua viatu.

Papa Bahati akatupa pau tena. Sudi akapapasa, akatoa shupaza kutoka mkononi mwake, akaikata, akala. Maana yake, pau sina tena. Mimi nikahesabu kichwani. Pau moja ilikuwa haijulikani ilipo. Nasikia meza nyingine maiti anaruhusiwa kumuuliza mchezaji, "Kweli huna?" Kwetu maiti ni maiti. Nikatazama paa, nikatazama makalooli.

Karata mbili zilipobaki ikatoka, pau ya saba. Ilikuwa imelala katikati ya shupaza zake tangu mwanzo, kama mgeni msibani.

Afande alianza, "Mzee..." kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo.

"Nimeiona," Sudi akasema. "Sasa nimeiona."

Alikuwa amekula kumi. Fungu alilokula kwa kosa likahamia kwa wapinzani, tukabaki na tisa. Tumeanguka moja. Na Afande, kwa haki yake nimsifu, alipiga hesabu akatikisa kichwa. "Kopa yetu ilikuwa kumi safi. Hawa wazee wameanguka na bado wametupiga." Kwa hiyo mnada wangu ulikuwa sahihi, na shahidi wangu ni adui.

Chai ilikuwa yangu kuimimina, mimi ndiye maiti. Nikashika chupa. Mkono wa Sudi ukaja juu ya wangu, ukaishika.

"Kaa chini, Athumani."

Akamimina yeye. Kikombe cha Afande kikajaa sawa. Cha Papa Bahati kikafurika, chai ikajaa kisahani, ikapita mezani, ikaingia kwenye karata, na Sudi bado anamimina kwa adabu yote. Hakuna aliyemwambia. Papa Bahati akakiinua kinachuruzika, akanywa. "Aksanti, Papa," akasema, "ni tamu." Kisha Sudi akaweka chupa, akakishika kiti chake mgongo, akakiingiza chini ya meza taratibu kama mtu anayefunga duka, akashuka ngazi akipapasa ukuta. Nilitaka kumfuata, goti likakataa. Goti au mimi, Mungu anajua.

Wiki hiyo hiyo Zuhura alikuja kumchukua. Anafundisha chuo kikuu cha Kyambogo, ana nyumba ya chuo, mtoto mwema, nisikilize vizuri, simsemi vibaya. Duka likafungwa. Akanikuta chumbani.

"Mzee Athumani, neno moja tu. 'Napita.' Lingekutoa roho?"

"Mimi lisingenitoa."

"Basi?"

"Lingemtoa yeye, mwanangu, na wewe usingejua umlaumu nani."

Akabeba godoro.

Kyambogo nilikwenda kwa boda, goti limening'inia kama la kuazima. Mara ya kwanza Sudi alilala kuangalia ukuta. Nilimsalimu, hakuitika. Zuhura akasema chakula anakigusa tu. Nikakaa, nikaondoka. Mara ya pili vilevile, nikadhani nimesafiri kwenda kuonana na blanketi, nikainuka niende. Akasema, uso bado ukutani:

"Ulinihurumia?"

"Lini?"

"Siku ile. Uliposema kumi."

"Sikukuhurumia hata kidogo," nikamwambia. "Nilikuwa na tano. Ningekuhurumia ningepita."

Halafu akageuka. Mwanajuma, akageuka mzima mzima, akaketi kitandani, kofia upande.

"Nilikosea mchezo, si karata tu," akasema. "Nilipokwisha kuvuta turufu nilikwenda kwenye pau. Ningekwenda kwenye uru. Ree yangu, mfalme wako, ya tatu naikata. Uru zako mbili za mwisho zinasimama, natupa pau zangu juu yake. Nakula kumi na moja. Wachukue moja kwa upofu wangu, kumi inabaki palepale."

"Zisingesimama," nikamwambia. "Uru zao zilikuwa sita, Afande alikuwa nazo nne. Nne kwa mbili."

"Tatu kwa tatu."

"Nne kwa mbili, Sudi, nilikuwa naona!"

"Wewe ulikuwa unaangalia ndege! Tatu kwa tatu!"

"Kipofu ananifundisha kuona!"

"Na maiti ananifundisha kucheza!"

Zuhura akatoka jikoni mbio na mwiko mkononi, akidhani tunapigana, na tulikuwa karibu. Akamkuta babake amekaa, mishipa ya shingo imesimama, ananitukana kwa Kiswahili cha babu zake. Akasimama mlangoni. Nilifikiri atanifukuza. Akauliza, "Baba, nikuletee chakula?" Sudi akasema, "Lete, na cha huyu mbishi pia." Akala ugali wake wote huku anaapa kwamba tatu kwa tatu.

Mimi unanijua, nikishasema nne ni nne. Lakini njiani kurudi jambo likanikera. Siku ile karata zililowa chai kabla hatujazifungua na kuzihesabu. Nikalala nazo kichwani. Asubuhi nikamfuata Afande kwake, nikamkuta anakata majani ya ng'ombe.

"Afande, Jumamosi ile ya mvua. Uru ulikuwa nazo ngapi?"

Hakuuliza mvua gani. "Tatu," akasema. "Nakumbuka sana. Mzee Sudi angeenda kwa uru, angetumaliza."

Tatu. Sudi alikuwa sawa. Miaka yote ile tumebishana, mimi ndiye hushinda, na kama sishindi hukataa mpaka mtu achoke. Safari hii nikasema hapana, nitakwenda nimwambie mwenyewe, "Sudi, tatu kwa tatu, umenishinda." Nilivaa kanzu safi kwa neno hilo. Nikapanda boda. Njia nzima nilikuwa nalifanyia mazoezi, maana mdomo wangu haukulizoea.

Nilipofika nikaona viatu mlangoni. Vingi.

Alikwenda alfajiri, kabla ya sala. Zuhura anasema ni huzuni ya kile kiti iliyomla, na kwamba mimi nilikiondoa kwa neno langu. Mimi nasema ni siku zake, na kwamba alikwenda akiwa na ubishi mdomoni, ameketi, si amelala kuangalia ukuta. Amlaumu nani mtoto aliyefiwa, namwachia. Nilibeba jeneza hatua nilizoweza. Afande alikuja na kanzu ya kuazima, fupi, akabeba mbele yangu. Kaburini nilipewa nafasi ya kutupa udongo, nikasema ndani ya moyo, tatu kwa tatu. Sijui kama huko yanafika.

Hilo ndilo la kwanza. Sijutii ile kumi. Narudia, sijutii. Ningeshika tano zile leo ningesema tena. Lakini sitakudanganya kwamba nalala vizuri.

La pili. Mwenye nyumba ameshaniambia duka na chumba vyote anavitaka. Zuhura amenipa karata za babake, zile zile. Zimekauka, zina madoa ya chai na pau ya saba imepinda. Kwa hiyo nitakuja. Usifurahi haraka, soma mpaka mwisho.

Nisalimie Rehema, mwambie asante kwa mwandiko na asifiche tena habari za mama mkwe wake. Nisalimie Bakari mpwa wangu, na aache kuniandalia mtu wa kunishika mkono stesheni. Nisalimie Bi Kombo jirani, kama bado ananidai sufuria aseme mwenyewe. Mwalimu wa chuo wa mtaani, kama yule kijana bado yupo, amwombee Sudi kwenye khitma yake, Sudi bin Hamisi, mtu wa kwetu asiyeiona bahari.

Sasa kile chumba. Chokaa sawa. Lakini kitanda usitandike kwanza, na huyo wa kuniletea chakula mrudishe. Nitafutie meza isiyoyumba. Nitafutie watu wawili wasioogopa kuanguka. Wa tatu ni wewe, utakaa mbele yangu. Usiniambie macho. Najua macho. Nitakufundisha, utakosea, utakana rangi mbele ya watu, na tutaanguka. Lakini siku utakaposema saba, Mwanajuma, na mimi ninazo tano, unaona au huoni, nduguyo hatapita.

Ni mimi, mtoto mwenzio wa mama,
Athumani, Mzee Kumi